Wimbo wa Getini

Jumatatu, 3 Machi

Wamekuja tena, mwanangu na bendi yake. Sebule ikajaa mpaka mwenye nyumba nikakosa pa kukaa. Wanatengeneza albamu — nyimbo kumi za zamani, za migomo na maandamano, wanazipiga upya kwa roki. Magitaa ya kupiga kelele na drams kama bati linaanguka! Mwanangu ndiye mwimbaji. Wimbo wa kumi wanautaka ule wetu wa kiwandani, niliokuwa nambembelezea yeye akiwa mchanga. Unaanza hivi: mlango ni wa kutokea, si wa kufungia watu.

Nimeuimba mara tatu, simu mbele ya mdomo kama wananipima homa. Kijana wa drams akaruka juu. Eti hajawahi kusikia wimbo unaokatika namna ile! Naimba kidogo, nanyamaza, naendelea. Akasema, mama, huo ukimya ndio wimbo wenyewe, tutaujenga hapo hapo. Mimi wala sikujua kama nanyamaza. Ndivyo ninavyoujua.

Wameondoka. Vikombe saba vya kuosha. 

Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu amenisomea maneno yatakayoandikwa kwenye kava. Kwa mama yangu, aliyesimama getini siku kumi na moja. Akauliza, umeyapenda? Nikasema nimeyapenda. Nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Sikusimama getini. Haya, nimeandika. Hata siku moja.

Alikuwa darasa la tatu aliponiuliza kama nilikuwepo kwenye mgomo. Nikamjibu nilikuwepo. Siyo uongo! Nilikuwepo. Ila nilikuwa ndani, kwenye mashine, nashona kola za mashati, wenzangu wako nje juani wanaimba. Walidai kitu kimoja tu: tusifungiwe mlango kwa nje tukiwa kazini. Mimi nikakubali kufungiwa ili nisifukuzwe. Nilikuwa na mtoto mchanga.

Na wao walikuwa nao.

Jumamosi, 8 Machi

Bi Vifungo! Miaka ishirini na sita namkwepa, nikimwona sokoni nageuza njia. Leo kaletwa na mwanangu mpaka ndani kwangu, kashikwa mkono kama bibi harusi. Yeye ndiye aliyekuwa akiuanzisha wimbo pale getini. Jina hilo tulimpa kwa sababu alikaa meza ya vifungo. Mdomo bado ule ule. Alipomwona mpiga gitaa, maana yule ni mrefu kupita mlango, akasema, wewe baba, huko juu mvua imeshaanza?

Wakamwekea wimbo. Spika juu ya kabati langu la vyombo, sahani zinatetemeka. Alikuwa anachekacheka. Halafu akaacha. Akainamisha kichwa, akawa anagonga goti kwa kidole kila wimbo unaponyamaza. Akanitazama.

Akauliza, haya mapengo mmeyatoa wapi? Kwa mama, mwanangu akasema, kifua mbele. Bi Vifungo akasema, sisi hatukuwa tunanyamaza. Tungenyamaza askari wangetusogelea. Tuliimba mfululizo mpaka koo likatoa damu.

Nikaelewa hapo hapo. Yeye kaelewa kabla yangu. Yale mapengo ni mashine yangu! Nikikanyaga pedali, wimbo wa nje unazama. Nikiinua mguu, unarudi. Ndivyo nilivyousikia, ndivyo nilivyomwimbia mtoto, na sasa wameuweka kwenye spika.

Nikangoja aseme. Akasema, mama yako ana masikio mazuri. Akaomba maji ya kunywa.

Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemfuata kwake. Anashona sare za shule kibarazani, kwa mashine ya mkono. Hakunipa kiti, nikageuza ndoo nikakaa. Nikaanza kulia. Akasema, usinilowanishie kitambaa cha watu.

Walijua wote. Walituhesabu vichwa sisi tuliobaki ndani, tulikuwa tisa. Mgomo ulipoisha yeye na wenzake wanne wakafukuzwa, na mlango haukufungwa tena. Mimi nimefanya kazi mle miaka kumi na tisa mlango ukiwa wazi. Nikibanwa natoka, nikihisi joto natoka. Sikuwahi kwenda kumwambia hata asante.

Nikamwomba asimwambie mwanangu. Akasema, hilo si langu, mwana ni wako. Akakata uzi kwa meno. "Lakini kwenye picha sisimami na wewe, dada. Hapo usinisumbue."

Picha ya kava ni Ijumaa. Sisi wawili mbele ya geti, ndivyo walivyopanga.

Jumatano, 12 Machi

Bi Vifungo amewapigia simu kwamba haji. Mguu, eti. Mwanangu amewaka moto. Anasema yule mama ana maringo tu, ana wivu kwa sababu sauti tuliyoichukua ni yako. Basi, jina lake linatoka kwenye kava, hata kwenye shukrani hayumo. Aliyesimama ni wewe, mama, tutakupiga picha peke yako!

Nilikuwa namenya viazi. Nikafungua mdomo. Mungu ni shahidi, niliufungua. Kikatoka nini? Usimseme vibaya mtu mzima. Hicho tu!

Mtoto akanibusu shavuni. Akasema, mama, una roho nzuri wewe.

Viazi nimeviunguza.

Ijumaa, 14 Machi

Naandikia hapa hapa kiwandani. Daftari nimekuja nalo kwenye mkoba. Siku hizi ni ghala la vigae, geti limepakwa bluu. Mpiga picha anagombana na jua, anasema tungoje wingu. Mwanangu akanishika mabega, akanisogeza huku, akanisogeza kule. Ulisimama wapi, mama? Nionyeshe hasa ulipokanyaga.

Nikasema nakwenda haja mara moja.

Nimeuzunguka ukuta. Mlango mdogo bado upo, wa kupokelea majora ya vitambaa. Asubuhi ile msimamizi alitupitisha hapa mmoja mmoja, mitandio tumeishusha mpaka puani wenzetu wasitutambue. Nilimsikia Bi Vifungo kule mbele anaanzisha. Nikainama, nikapita. Kizingiti kimelika katikati. Nimekikalia.

Wananiita. Mwanangu anacheka, anawaambia, huyu mama yangu hata sokoni hupotea! Kijana wa drams anacheka naye. Wamezunguka upande wa pili. Sasa wanarudi. Sasa hacheki. Viatu vyake kwenye kokoto.

Amefika. Anasema, mama, siyo huku, geti liko mbele.

Nimemwambia ni hapa.

Hapa nini?

Nimemwambia, si umesema nikuonyeshe nilipokanyaga.

Anautazama mlango. Mpiga picha kapiga kelele kwamba wingu limefika, njooni haraka. Mwanangu kainua mkono, kamwambia asubiri. Sasa amechuchumaa mbele yangu, magoti yake yanagusa yangu. Ananiuliza polepole, mama, mlango huu ulikuwa wa nani?

Bado naandika, maana nikiweka kalamu chini itabidi niinue uso —