Alute, Mtu-Simba wa Sekenke

Ijumaa, 12 Julai 2024

Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye ugali. Pancha moja tu. Mchana kaja Jenipher wa Kinampanda, yule anayeleta mafuta ya alizeti hapa Shelui. Nilijua ni mdogo wake Alute, yule mwanamieleka, ila hajawahi kunitafuta kwa ajili hiyo. Leo hakuuza kitu. Kakaa kwenye tairi bovu akalia.

Kaka yake amerudi toka Dar. Shingo imekufa, hageuki. Na tangu arudi fisi wamekula mbuzi wa watu, kisha juzi juzi mtoto wa Damiani, jirani yao, kararuliwa bega alfajiri akienda kisimani. Yuko hospitali. Watu wanasema si fisi. Ni Alute! Jumatano kuna mkutano wa kitongoji. Atafukuzwa — au nyumba ichomwe naye humo ndani.

"Kaka Gasto, kule hakuna aliyemwona ulingoni. Walisikia matangazo tu. Mimi ndugu yake, hawanisikilizi. Wewe ulimwona. Njoo useme yalikuwa maigizo."

Nimekubali. Ningekataaje?

Jumamosi, 13 Julai

Nimelitazama bango la Alute ukutani kwa muda mrefu. Dorkas kanikuta. Kasema ningempenda yeye mke wangu hivyo, angeshanenepa.

Anatania, lakini hakuwahi kumwona. Mimi nilikuwa kijana wa kupakia magunia. Pikapu ilipita barabarani na vipaza sauti: Mtu-Simba wa Sekenke! Anakula nyama mbichi! Wajawazito msije! Tukaenda wote. Akaingia na ngozi mgongoni, miguu mitupu, akanguruma. Tingatinga wa Tabora, pande la mtu, akabebwa juu akabwagwa kama gunia la mtama.

Watu wa Dar, nasikia, walimcheka. Sisi hatukucheka. Huku kwetu mtu-simba si hadithi ya watoto. Babu hakulitaja hilo jina jua likishazama — aliwazika waliouawa, na hakuambiwa kama ni mnyama au mtu aliyevaa ngozi. Alute alilichukua lile ambalo wazee walinong'ona akalikatia tiketi. Tulilipa ili tuogope pamoja, kwenye taa, halafu twende nyumbani salama. Nilimpenda kwa hilo. Bado nampenda.

Baadaye mabanda ya video yakaleta mieleka ya Marekani, moto na miziki. Alute akabaki wa kwenye maonyesho, kati ya mtu wa nyoka na meza ya bahati nasibu. Kila mwaka mabango yalizidi kuwa madogo. Halafu kimya.

Jumapili, 14 Julai

Kanisani sikusikia neno. Akili yangu ilikuwa Nzega.

Sijawahi kuliandika hili. Nzega, uwanja wa mpira, jenereta lilizima katikati ya pambano. Giza. Alute akanguruma ulingoni, watu wakapiga kelele za raha. Kisha ngurumo ikajibu — nyuma yetu, upande wa goli, kwenye majani. Taa ziliporudi Alute alikuwa amesimama palepale, mkono kooni kwa Tingatinga. Kule golini hapakuwa na mtu.

Jumatano nikaseme yalikuwa maigizo. Sawa.

Jumatatu, 15 Julai

Nimefunga kazi, nimekwenda Kinampanda. Nimemkuta uani kwao, kwenye kigoda, amejifunika blanketi juani. Mungu wangu! Mikono ile! Mifupa. Akitaka kukutazama anageuka mwili mzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

Nikamwambia wa Shelui, mshabiki wake. Akacheka mpaka akakohoa. Akanitajia mapambano, mimi nikimalizia. Tulifurahi kweli. Kisha nikamwomba: Jumatano aseme mwenyewe kwamba ule ulikuwa mchezo, walipangana nani aanguke. Yaishe.

Uso ukafunga. Kasema mwalimu wao wa mieleka aliwaapisha. Kilicho ulingoni ni kweli. Ukikikana, umemtukana kila aliyekata tiketi.

"Watakuchoma, mzee."

"Na hii shingo niliivunjia wapi? Kwenye maigizo?"

Wakati wa kuaga nikashindwa kujizuia, nikamuuliza ile ya Nzega. Nani alinguruma golini? Akajigeuza taratibu, akanitazama.

"Kumbe na wewe ulisikia," akasema. "Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu."

Jumanne, 16 Julai

Dorkas anasema nimenguruma usingizini. Hakucheka aliposema. Kazi sikufanya.

Jumatano, 17 Julai

Naandikia nyumbani kwa Alute. Mlango una komeo na meza.

Nilisema. Niliapa mbele ya mkutano mzima, pale uwanja wa shule. Nikawaambia niliwaona kwa macho yangu, Mtu-Simba na Tingatinga, baada ya kuuana ulingoni, wanakula chipsi sahani moja nyuma ya gari. Kicheko! Akina mama wakashikana mabega. Mmoja akauliza kama simba alitia na pilipili. Hata Damiani, maskini, ambaye hajalala tangu mwanawe aumie, aliinamisha kichwa akapumua. Kwisha. Nilimwokoa. Lakini kila walipocheka Alute alizidi kuwa mdogo kwenye benchi lake.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Zefania, si mtu mbaya. Akasema haya, mzee Alute, thibitisha tu, sema ndiyo ni maigizo, watu wakapete alizeti zao. Neno moja!

Akasimama. Blanketi likaanguka. Akajigeuza kidogo kidogo, akawatazama wote, na mwisho mimi. Jenipher akasema, kaka, usifanye.

Akanguruma.

Sauti ilitoka wapi kwenye kile kifua? Mabenchi yalianguka, wanawake walibeba watoto wakakimbia. Mwili wangu ulisisimka mpaka kisogoni, machozi yakanitoka, na nikasikia makofi. Mtu mmoja tu anapiga makofi. Nilikuwa mimi.

Tulimbeba tukikimbia, mimi na Jenipher. Mzee Zefania kapiga simu polisi Kiomboi, wamesema wako njiani. Amesimama mlangoni anawasihi watu. Damiani ana panga. Namsikia akilitaja jina la mwanawe, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Harufu ya mafuta ya taa inaingia kwenye mwanya wa dirisha. Jenipher anamwaga maji ya ndoo chini ya mlango.

Alute amelala kitandani, hawezi kuinua kichwa. Jasho jembamba. Ananiita. Anataka kujua kama uwanja umejaa.

Nimechungulia. Nimemwambia umejaa, mzee. Mpaka barabarani.