Wakitaka Ujuzi Wako, Waje Mbwera

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, goti limepoa, na Zuhura wangu hakusumbui sana. Mimi huku Maskati sijambo, ila miguu tu. Kutwa nimesimama napanga kaa, nikirudi chumbani nalala na ushungi kichwani.

Sikupiga simu kwa sababu unaiweka sauti kubwa na mtoto anasikia kila kitu. Kaka Athumani akusomee Zuhura akiwa chuoni kwa maalimu.

Kaa wenu walikuwa wanafika huku hai, halafu wanafia ghalani. Kampuni ya Dar inayowanunua kwenu ikailaumu hii ya kwetu, ya kwetu ikalaumu matangi iliyoletewa na wenzao wa Malaysia. Kampuni hizo tatu ni washirika, kila wiki wanaonana kwenye skrini wakifundishana. Siku moja napita na tenga, naona feni inawapuliza kaa. Nikaizima.

"We Mwanaidi, joto lote hili!" akanipigia kelele Bi Thuwaiba, msimamizi wetu. Mama yake Mpemba, Kiswahili anakijua.

"Mama yangu haweki kaa penye upepo," nikamwambia. "Anawafunika gunia bichi."

Tukawafunika. Vifo vikapungua, nami nikajiletea balaa, maana sasa wanataka yote unayoyajua. Hasa lile la kumgusa kaa macho ukajua yupi atahimili safari na yupi aliwe leo leo. Wanataka niliseme, liandikwe, wasomeshwe wote.

"Sisi washirika hatufichani," Bi Thuwaiba akasema. "Malaysia katupa matangi, Dar anatupa kaa, sisi tunawapa wateja."

"Na mama yangu kapewa nini?"

Akanitazama, akacheka. "Hee! Mwana wa watu una ulimi."

"Ulimi ninao, bi. Ila hilo silisemi mpaka mwenyewe aridhie."

Nilidhani nimefukuzwa. Kumbe alilipeleka kwenye kikao chao. Jibu ni kwamba watakuja wawili, mmoja wa Dar na mmoja wa Malaysia, wakae na wewe na wenzio hapo Mbwera. Wewe uwafundishe kuchagua. Wao wawafundishe kunenepesha kwenye vizimba wale kaa wembamba ambao mnunuzi huwakataa. Na mimi nije nao, niwe mkalimani. Siku saba.

Mama, Zuhura nimemwacha hajui kuvaa kandambili. Unajua ninavyotaka kuja. Ndiyo maana nakuambia mapema: usikubali kwa ajili yangu. Ukishawaonyesha, halirudi tena kuwa lako, na tenga lako halitachaguliwa la kwanza kama sasa. Kaa na Shangazi Bi Pili, unayeingia naye matopeni, mshauriane. Mkiona hapana, semeni hapana. Mimi nitaendelea kupanga kaa, na sitanuna.

Mkikubali, wasiletewe viti. Waingie matopeni kama ninyi.

Nisalimie Shangazi, wifi yangu mke wa Athumani, na maalimu anayemsomesha Zuhura. Mwambie dua zake nazihitaji. Jibu lako mpe Athumani anitumie kwa ujumbe, neno moja linatosha.

Ila hata ukikubali, mtoto asiambiwe mpaka boti yetu ionekane. Akisikia mama anakuja, atahamia bandarini na hamtamtoa.

Mwanao anayekuwaza,
Mwanaidi, mama Zuhura