Kasuku Aliyejibu Sijambo

Mke mwenzangu Neema,

Marahaba. Hapa Mkolani mvua imekubali, na mimi bibi yako nazidi kunenepa. Unauliza kama kasuku wako, aliyejikunyata na kukataa kula, anaumwa kweli wakati bado anaongea.

Nikiwa msichana nilifuga kasuku, nikamfundisha kujibu "Sijambo!" Nikajiona mwalimu mkuu. Alipoacha kula tulimwuliza, "Hujambo?" Akajibu, "Sijambo!" Tukacheka. Asubuhi iliyofuata alijibu hivyo hivyo, mchana tukamzika.

Usisikilize maneno yake. Tazama manyoya na kinyesi, umpeleke kwa daktari wa mifugo leo.

Babu yako naye, mume wetu, siku hizi hata uji unamshinda. Nikimwuliza, ananijibu kama yule kasuku. Njoo umtazame mwenyewe.

Bibi yako