Shuka Lililokunjwa Mara Tatu

4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi wazima, ila mjukuu wako, Mheshimiwa, anaota jino na ananipeleka puta.

Kwenye ukuta wa zahanati nilisoma tangazo: kituo cha vijana walioacha shule kinatafuta watu wa kujitolea, Jumamosi asubuhi, kuwasaidia kusoma na hesabu. Nikasema, hata kidato cha pili changu kinaweza kumfaa mtu. Nikaenda, mtoto mgongoni. Kabla sijafungua mdomo, dada wa mapokezi akasema, "Karibu mwanafunzi, kaa pale nyuma."

Mama, nikakaa! Hii Jumamosi ya tatu niko kwenye dawati, nanyoosha mkono. Usinicheke.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti niachie mwenyewe. Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Siku sita unapiga pasi nguo za watu, ya saba unakwenda kujitolea, unaishia kujikalisha!

Lakini kiti hicho kina mwenyewe. Pengine yuko msichana nje anakisubiri. Kaseme ukweli; njia ya mwongo ni fupi.

Nibusie Mheshimiwa, ambaye macho yangu hayajamwona bado kwa sababu ya ugomvi wetu. Nina langu la kukuambia, bado nalitafutia mdomo.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mheshimiwa anatambaa, na juzi kala chaki.

Nimesema ukweli, ila shuka ndilo lililotangulia kunisemea. Binti ninayekaa naye dawati moja alikuwa analia, sehemu za hesabu hazimwingii. Nikatoa shuka la mtoto, nikalikunja kama tunavyokunja pale kwa dobi: mara moja, nusu, mara mbili, robo, mara tatu, thumni. Akalikunjua, akahesabu vipande vinane, akacheka. Kumbe mwalimu yuko nyuma yetu. "Wewe ni mwanafunzi au mwalimu?" Nikaeleza yote, huku nimeshika mkoba niondoke.

Akasema, "Ondoka uende wapi? Jumamosi utafundisha. Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi, uje usome, mwakani ufanye mtihani wa kidato cha nne kama wenzako."

Bosi amenihamishia zamu ya mchana, na hapo jirani atanishikia mtoto. Asubuhi ndiyo sina mtu, na darasa la kila siku haliruhusu watoto. Sikuombi, Mama. Nakuarifu tu.

Mwanao

29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua hujajibu. Goti, au mimi? Kama nimekuudhi, nigombeze, nimezoea. Kimya chako ndicho sikiwezi.

Usajili unafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Nisipopata wa kumshika mtoto, nitabaki na Jumamosi zangu, na nitazifanya kwa moyo.

Mwanao

3 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sijaudhika. Nilikuwa natafuta wa kumwachia kuku, na hawa kuku wana maneno kuliko wewe.

Langu ni hili. Watu nimekuwa nikiwaambia uliacha shule. Hukuacha. Mimi ndiye niliyesema msichana mwenye mimba hatoki kwangu na sare, nikayafungia madaftari yako kabatini. Ulipoondoka nilishindwa kuyatupa, nikashindwa na kukuita. Nisamehe, mama.

Usijibu, barua haitanikuta. Alhamisi asubuhi nifungulie mlango. Nitakuwa na mzigo mikononi, kwa hiyo tubadilishane hapo hapo kizingitini: madaftari chukua wewe, Mheshimiwa nipe mimi.

Mama yako