Wamekufundisha Kudanganya, Afande

Afande,

Shikamoo. Hukupenda salamu ndefu, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Nina kinyaa. Kinyaa kile cha mtu aliyekunywa maziwa bila kuyanusa, akagundua yameharibika yakiwa tayari kooni. Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani, nimekaa kibarazani kwangu hapa Mbeya na chai inayopoa, na mezani kuna fomu ambayo Meneja anataka kesho asubuhi niwe nimeisaini. Kabla sijaigusa nataka nikueleze walichokufanya. Hapana, niseme kweli: tulichokufanya. Na mimi nilikuwemo.

Kwanza ya nyumbani. Tangu tukuzike Ilula mvua zimeshika vizuri. Nyanya za mkeo, Mama Zawadi, zimebeba mpaka matawi yanalala chini, na anauliza kila mtu anayepita kama angependa tenga moja. Ofisini, kwenye kiti chako wameweka mashine ya kuchapia. Koti lako la kijani bado limening'inia nyuma ya mlango kwa sababu kila mtu wa usafi akiligusa namtolea macho.

Unakumbuka ulivyotucheka siku ya kwanza? Sajenti mstaafu, umekaa na redio za upepo za jeshini maisha yako yote, umeletwa kwenye kampuni yetu kuwa mshauri, nakuonyesha ukurasa wa tovuti wenye ramani. Ukasema, "Kwa hiyo siku hizi mnapiganaga vita kwenye tovuti?" Nikakueleza kwamba ni zoezi tu. Askari mmoja anakaa Iringa, mwingine Mbeya, kila mmoja anafungua ukurasa kwenye kompyuta yake na kupewa kituo chake kwenye ramani. Wanatumiana ujumbe, na mfumo wetu unakokotoa kama ujumbe huo ungefika kweli, ungechelewa, au ungepotelea nyuma ya kilima. Pale pasipo na mtu, mashine yenyewe inakuwa mpokeaji. Ukauliza, "Hiyo mashine inajua kusema sijasikia?" Nikasema haijui. Ukavuta kiti. "Basi tuanzie hapo, binti."

Na kweli tulianzia hapo. Wewe, mimi na kaunta buku lako lenye jalada la kitambaa. Tulizunguka Kitonga, Ilula, Igawa mpaka Chimala, mmoja juu ya kilima na mwingine bondeni, kila mmoja na redio yake, wewe ukiandika kila mahali pasiposikika. Ulipaita "pa kimya". Pa kimya namba moja, pa kimya namba mbili. Watu wa Chimala walidhani tunapima mashamba yao ya mpunga na walikaribia kutufukuza, mpaka ulipowasalimia kwa Kisangu kibovu wakacheka wakatuletea miwa.

Ni hapo Chimala uliponifokea. Nilikuwa juu, jua linachoma, nimechoka. Ukatuma ujumbe kutoka bondeni, nikasikia mwanzo wake tu, mwingine wote ukawa mikwaruzo. Nikabonyeza nikajibu, "Nimekupata." Ulipanda kile kilima kwa miguu, na umri wako wote ule, ukafika unahema. "Umenipata nini? Haya, sema nilichosema." Nilidhani utanipiga. Ukakaa kwenye jiwe, ukafungua chupa ya chai, ukanimiminia mimi kwanza.

Halafu ukanisimulia, mara moja tu katika miaka yetu yote. Ujana wako, zoezini, mvua. Ujumbe ulikuja nusu. Ulikuwa umeshaomba warudie mara mbili na wakubwa wako walikuwa wamesimama nyuma yako, ukaona aibu kuomba mara ya tatu. Ukasema umewapata. Lori likaingia mtoni, na rafiki yako aliyekuwa nyuma hakutoka. Ulisema, "Mimi sikumuua kwa bunduki, Atu. Nilimuua kwa adabu."

Nimeifikiria sana hiyo. Huku kwetu tumelelewa hivyo. Kiswahili chenyewe wengi tumekikuta shuleni, mkubwa akiongea haraka tunaitikia "eeh, eeh" hata kama tumeambulia nusu. Bibi yangu kule Tukuyu alirudi kutoka zahanati na dawa tatu, akiwa amemwitikia mganga kila kitu, na hakujua hata moja inanywewa lini. Kuuliza tena kunaonekana ni utovu wa heshima. Wewe ndiye mtu mzima wa kwanza niliyemwona akimwambia mkubwa wake mbele ya watu, "Sijakupata, rudia," bila kukwepesha macho.

Ndiyo maana tulikurekodi wewe. Stoo, blanketi limefunika dirisha, jasho linakutoka, unanung'unika kwamba Wanyakyusa tuna mateso. Ulisema maneno matatu tu. "Nimekupata." "Subiri." "Sijakupata, rudia." Hilo la mwisho ulilisema mara moja likatosha, lilikuwa limekukaa mdomoni. Tukayaweka yote kwenye mfumo, na kila mpokeaji wa mashine akawa anaongea kwa sauti yako, na kila alipokuwa kwenye pa kimya alisema kweli.

Kisha ukaanguka shambani asubuhi ile.

Meneja alihutubia msibani kwako. Alitamka neno uaminifu mpaka padri akaangalia saa. Nililia, nilidhani anamaanisha. Wiki mbili hazijaisha akaniita. Maafisa wa mawasiliano wa jeshi walikuwa wanakuja kuuona mfumo kabla ya kuupokea kwa mafunzo yao, na yeye alikuwa ameufanyia majaribio akachukia. "Atu, Mzee anatuangusha. Kila saa rudia, rudia. Ramani imejaa nyekundu. Wageni watadhani mfumo ni mbovu."

Nikamwambia pale ni nyuma ya kilima, ndivyo palivyo, hata wao wakienda na redio zao watakwama.

"Vilima tutavirudisha baadaye," akasema.

Kuviondoa vilima vyote kungechukua siku nyingi, na siku hazikuwepo. Akaamua kwamba nibadilishe jibu lako tu. Ujumbe ufike au usifike, useme "Nimekupata" na taa iwe kijani. Ulikuwa mstari mmoja wa programu, Afande. Niliuandika kabla chai yangu haijapoa. Nilijiambia ni onyesho tu, nilijiambia nina wadogo zangu wawili wanasoma, nilijiambia mambo mengi ambayo leo yakinijia natamani kutema mate. Kisha kijana wa michoro akaletewa picha yako ile ya kwenye ratiba ya mazishi, akaambiwa akate msalaba uliokuwa pembeni na aweke uso wako kwenye skrini, hapo sauti inapotokea. Niliona. Nikamsaidia hata kupunguza kivuli.

Onyesho lilikuwa Jumanne, kwenye ukumbi wa hoteli moja Iringa. Meneja alimwalika Mama Zawadi aje akae mbele, apigwe picha na wageni. Alikuja amevaa kitenge kipya cha bluu, na nyanya kwenye kikapu kwa ajili yangu, nikala mbili pale pale. Uliporushwa kwenye skrini kubwa, umetabasamu kama siku ile ya kipaimara cha Zawadi, alishika mkono wangu akaubana.

Mgeni mmoja akapewa kituo cha Chimala. Msafara wa magari ulikuwa nyuma ya kilima, ukielekea mtoni, na wewe ndiye mpokeaji wake. Akaandika: daraja limejaa maji, msivuke, subirini. Akatuma. Sauti yako ikajaa ukumbi, tulivu kabisa. "Nimekupata." Kijani. Watu wakapiga makofi.

Lakini mimi nilibadilisha jibu tu, Afande. Vilima vilikuwepo. Ujumbe ulikuwa umepotelea pa kimya namba saba, kama ulivyoandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu. Kigari cha kwanza kwenye ramani hakikuwa na habari yoyote. Kikaendelea taratibu, kikaingia darajani, kikageuka alama nyeusi. Pembeni, kwa herufi ndogo, mfumo ukaandika: gari moja, watu wanne. Meneja akafungua ukurasa mwingine, akawa anasifia kasi.

Ukumbi mzima ule wenye vyeti na vyeo, ukiniacha mimi, aliyeona ni mtu mmoja.

"Mbona gari limevuka?" Mama Zawadi akauliza. Unaijua sauti yake, hajui kunong'ona. "Si mmeliambia lisivuke?"

Meneja akatabasamu kwa upole ule wa kwenye matangazo. "Mama yetu bado ana majonzi. Tumpe pole kwa makofi."

Wakampigia makofi. Na mimi nilipiga. Mikono hii ninayoandikia ilipiga makofi. Mama Zawadi akajifunika kitenge mabegani, akaniambia mimi, siyo Meneja, "Baba Zawadi alikuwaga anauliza mara tatu. Huyo siye."

Wakati wa kutoka, mkuu wa wageni, mama wa makamo mwenye miwani, alinisogelea mlangoni akaniuliza yule mama alikuwa anauliza nini. Nikamjibu, "Hakuna kitu, Afande." Nikamwita kwa jina ninalokuita wewe, na nikamdanganya kwa sauti ya adabu kabisa. Nilikwenda chooni nikatapika nyanya za mke wako.

Ijumaa nilipanda basi mpaka Ilula kumwomba msamaha. Nilimweleza yote, mpaka mstari nilioubadilisha. Alikuwa anapanga nyanya kwenye tenga, hakusimama. Akaniuliza kama ile sauti nyingine ninayo bado, ile ya kweli. Nikamwekea kwenye simu yake. Akaisikiliza mara moja, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda, akarudi amenawa uso. Jana asubuhi kabla sijaondoka shemeji yako alifika na zile habari zake za kugawana shamba. Mama Zawadi akamsikiliza mpaka mwisho, akatoa simu kwenye kitenge, akabonyeza. "Sijakupata, rudia." Shemeji yako aliruka akaangusha fimbo. Nilicheka, Afande, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na nikaona aibu kwamba ulikuwa unafaa zaidi kwenye simu ya kichina ya mkeo kuliko kwenye seva zetu zote.

Sasa hii fomu. Inasema mfumo umelinganishwa na hali halisi ya eneo na uko tayari kufundishia. Kuna nafasi mbili za saini, yangu kama mtengenezaji na yako kama mshauri. Kwenye yako Meneja ameandika kwa mkono wake: marehemu, aliridhia kabla ya kufariki. Soma tena, Afande. Aliridhia. Ameandika kwa mwandiko mzuri. Nikisaini, vijana watafundishwa kwa ramani ambayo kila kilima kinajibu. Siku moja watakuwa kwenye kilima cha kweli, watasikia kitu kama sauti kwenye mikwaruzo, na watajibu kama tulivyowazoesha.

Ngoja kwanza.

Nimerudi. Chai nimeimwaga. Mstari wangu nimeuondoa, sasa hivi, nikiwa na kompyuta hapa hapa kibarazani. Ukiulizwa ukiwa pa kimya unasema sijakupata. Uso wako nimeutoa kwenye skrini. Kwenye nafasi yako nimefuta "aliridhia" nikaandika "hakuridhia". Kwenye yangu sikusaini, nimeandika: haujalinganishwa, ujumbe wa daraja haukufika, gari lilivuka. Nimepiga picha kurasa zote za kaunta buku lako na kuzituma pamoja na fomu kwa yule mama wa miwani, kadi yake aliniachia mlangoni. Nimemwambia pia kwamba nilimdanganya. Kesho saa mbili nampelekea Meneja nakala yake. Najua atanifukuza, na atasema nina majonzi. Sijui ada za wadogo zangu nitazitoa wapi. Naogopa, sitakudanganya. Lakini kinyaa kimeshuka kidogo, kimefika kifuani.

Nakuahidi hili tu, na ni dogo: kuanzia leo sitamwambia mtu yeyote nimempata kama sijampata. Awe meneja, awe mchungaji, awe mkwe nitakayempata. Nitauliza mara tatu na wakikunja nyuso wakunje.

Kwaheri, Afande. Koti lako nitaondoka nalo kesho, nimpelekee Mama Zawadi. Barua hii nitaifukia Ilula pembeni yako, mahali ambapo sisi wawili hatukuwahi kupapima, na sidhani kama itafika. Nimechoka kusikia sauti yako ikimjibu kila mtu. Mimi usinijibu. Ukinyamaza nitajua ni wewe.

Wako,
Atupele