Bomba Lililong'arishwa

Makambako

Kwako Praygod,

Mama amefika kijijini kwetu Kifanya salama. Huku baridi ni kali, ofisini tunaandika na makoti.

Ulitutembeza katika nyumba yako ya mtaa wa Ramadhani kama padri anayeonyesha kanisa jipya: bomba, vitasa, taa, vyote vya shaba iliyofifishwa makusudi. Mama akadhani ni kutu, akasugua bomba kwa majivu hadi likang'aa. Ukamwambia, "Kwenu mabomba mnayaona kwenye kalenda?"

Umelipia shaba mpya ionekane imechakaa, kisha unamcheka mama aliyechakaa kweli kwa kunisomesha.

Siolewi nawe. Pete yako ya uchumba, nayo iliyofifishwa makusudi, imo ndani ya bahasha hii. Nimeisugua kwa majivu.

Aliyekuwa mchumba wako,
Oktavia