Nilipokwama Kwenye Uwanda wa Chumvi

Nyumbani,
Chumba cha mama, kando ya cherehani.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu za moyo. U hali gani huko ughaibuni? Kile kikohozi chako kimepoa, au bado unajitia ukaidi wa kutomwona daktari? Wifi yangu je, na binti yenu? Mwambie shangazi yake ameiona picha na yale mapengo, nimecheka mpaka mama akataka kujua kulikoni. Sisi huku tu hai. Mama anakula, analala, na mkono wake wa kulia ni ule ule, haujaamka tangu kiharusi.

Sasa kaa chini. Nina la kukueleza, na sitaki ulisikie kwa mama mdogo, maana ataliongezea chumvi, na chumvi ya habari hii inatosha.

Mwezi uliopita nilitoroka nyumbani.

Katika barua zangu zote nimekuwa nikikuambia mambo ni shwari. Shwari yenyewe ni hii: kwa miaka sita namgeuza mama kila baada ya saa mbili ili mgongo usichubuke. Namlisha uji kwa kijiko, nangoja ameze, nampangusa. Katikati nashona sare za shule papo hapo chumbani mwake, kwa sababu nikitoka tu anagonga kikombe. Ko, ko, ko. Ilifika mahali nikawa naisikia hiyo sauti hata bafuni, maji yakimwagika. Siku moja mama mdogo alikuja kututembelea akanikuta nimesimama mlangoni na mkasi mkononi, nimesahau nilitaka kukata nini. Akanipokonya mkasi. Akasema, "Nenda popote, wiki nzima. Huyu ni dada yangu, sijasahau kumwogesha mtu."

Alidhani nitakwenda kwa shoga yangu muuguzi, mtaa wa pili. Mimi nikapakia madumu mawili ya maji, mkate, tende na sufuria kwenye pikapu ya marehemu baba, nikashika njia ya jangwani peke yangu.

Barabara kuu niliiacha mapema. Ina mtandao wa simu, nami sikutaka kupatikana. Nikafuata vijia vya nyuma, vile vya magurudumu mawili na majani makavu katikati. Kwanza ardhi ilikuwa nyekundu, vichaka vya miiba huku na huku. Siku ya pili yakaja mawe meusi, kama makaa yaliyomwagwa na kusahauliwa, gari likawa linatetemeka hadi meno yananiuma. Kisha mchanga wa manjano, vilima vyake vikihamahama kwa upepo. Niliimba, mdogo wangu! Niliimba kwa sauti yangu hii unayoijua, na hakuna aliyenikataza.

Baada ya mchanga kukawa na uwanda mweupe wa chumvi, mtupu kabisa. Ukoko wake ulikuwa mgumu kama sakafu. Niliendesha labda dakika kumi, ndipo ukavunjika, na magurudumu ya nyuma yakazama kwenye tope lililofichika chini.

Nitakuambia jambo la aibu. Nilichohisi kwanza ni nafuu. Nilikaa kwenye kiti nikajisemea, leo hata wakiniita siwezi kwenda.

Nafuu hiyo haikumaliza saa moja. Nilipunguza upepo matairini, nikachimba kwa kifuniko cha sufuria, nikatandika mazulia ya gari chini ya magurudumu. Kila nikikanyaga mafuta gari linadidimia, mpaka likalalia tumbo. Nilipokwenda kunywa maji nikakuta dumu moja limepasuka kwenye mshono, limevuja lote tangu kule kwenye mawe.

Baba alikuwa akituambia ukikwama usiliache gari. Sikuliacha. Siku mbili nilijifungia mle ndani, vioo juu, kwa sababu upepo ulikuwa unarusha chumvi inayochoma macho. Siwezi kunyoosha miguu, siwezi kulala ubavu, mgongo umenata kwenye kiti. Nilikunywa kwa kupima na kifuniko cha dumu. Nikaanza kuhesabu: sasa ni saa ya kumgeuza mama. Sasa tena. Nililia bila machozi, kwa hasira, sijui nimkasirikie nani.

Siku ya tatu asubuhi nikasikia ko, ko, ko. Nikaitika, "Nakuja, mama!"

"Mama hayupo hapa, dada," mtu akasema nje ya kioo. "Ni mimi, dereva wa greda ya kuchonga barabara."

Alikuwa ameiona pikapu kutoka mbali, akachukua nusu saa kuja kwa miguu akijaribu ukoko kwa fimbo. Alininywesha kidogo kidogo, akanikemea nisigugumie. Kisha akaileta greda kwa kuzunguka hadi kwenye ardhi ngumu iliyo jirani, akalivuta gari kwa nyaya ndefu. Akaniuliza nilikuwa nakwenda wapi. Nikamwambia nilikuwa natembea tu.

"Matembezi gani haya?" akasema. "Mimi mwenyewe napita hapa mara mbili kwa mwaka."

Nilirudi nyumbani midomo imepasuka. Mama mdogo alipiga yowe, kisha akaanza kunisema, na bado hajamaliza. Nilipoinama kumgeuza mama, akanishika kwa ule mkono wake mzima.

"Ulikimbia?"

"Ndiyo, mama."

Nilingoja anilaumu. Unajua maneno yake sasa yanatoka polepole, moja moja.

"Ungenichukua," akasema. "Na mimi nimechoka na hiki chumba."

Mdogo wangu, miaka sita, na sikuwahi kumuuliza. Nilidhani aliyefungwa humu ni mimi.

Daktari anasema anaweza kukaa garini saa mbili tatu, akifungwa vizuri na mito. Lakini siwezi kumbeba peke yangu mpaka nje, nimejaribu, tulikaribia kuanguka wote wawili. Mama mdogo anaumwa mgongo. Kwa hiyo barua hii si ya kukutoa wasiwasi kama zile nyingine. Nakuhitaji. Uje mwezi mzima, ushike zamu, ujifunze kumgeuza, tumtoe mama nje. Na siku nyingine ubaki naye wewe, mimi niondoke, nawe usiniulize narudi lini.

Wasalimie wifi na binti yenu. Mama mdogo anakusalimu, na shoga yangu muuguzi pia. Mama anasema Mungu akufunike, na uvae soksi.

Usiniandikie kwamba utajaribu. Niandikie tarehe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja.